Hatua chache uwanjani Waverley: kisa cha Jim Stynes

Tarehe 19 Septemba 1987, uwanja wa Waverley, Melbourne. Mchezo ni mpira wa miguu wa Kiaustralia, na mechi ni ya kuamua nani aende fainali ya ligi ya jimbo la Victoria, klabu ya Melbourne au ya Hawthorn. Zimebaki sekunde tu. Melbourne wanaongoza 78 kwa 74, na katika mchezo ambao goli moja lina pointi sita, mwanya wa pointi nne haumpi mtu usingizi. Gary Buckenara wa Hawthorn anachezewa faulo takriban mita 55 kutoka golini. King'ora cha mwisho kinalia, lakini kwa sheria za mchezo huu aliyekwisha kupewa mpira wa adhabu ana haki ya kuupiga hata kama muda umekwisha. Kwa umbali ule, na kwa miguu iliyokwisha kukimbia mechi nzima, mpira kufika ni bahati nasibu.

Hapo ndipo kijana mmoja mrefu wa Melbourne anapokatiza mbio kati ya Buckenara na mlinzi aliyesimama kumkabili. Refa anapuliza: mita 15 mbele. Sasa Buckenara yuko kwenye mita 40 hivi, umbali ambao mpigaji wa kiwango chake anaumudu. Mpira unapita katikati ya nguzo. Hawthorn 80, Melbourne 78.

Kijana yule ni Jim Stynes, mzaliwa wa Dublin, aliyekuwa kwenye msimu wake wa kwanza wa ligi kuu. Melbourne hawakuwa wamegusa hatua ya mtoano tangu walipotwaa ubingwa wa 1964. Kwenye mtoano wa 1987 walikuwa wameichapa North Melbourne kwa tofauti ya pointi 118, kisha Sydney kwa 76, na mji ulishaanza kuota. Nahodha wao Robert Flower, aliyeichezea klabu mechi 272 bila kuiona fainali, alimaliza safari yake ya uchezaji siku hiyo hiyo. Kocha John Northey alimkaripia Stynes kwenye chumba cha kubadilishia nguo huku kamera zikichukua.

Tangu siku hiyo kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya mtu aliyekosea kisha akajikomboa. Si uongo, ila haielezi kosa lenyewe lilitoka wapi. Ukilifuatilia unafika kwenye mradi mzima wa kumhamisha mchezaji wa mchezo mmoja kumpeleka kwenye mwingine, na unaona vizuri nini kilihamishika na nini hakikuhamishika.

Kwa nini Ayalandi

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Melbourne ilikuwa klabu kongwe yenye jina kubwa na timu mbovu. Ron Barassi, aliyekuwa nyota wa vikombe vyao vya miaka ya 1950 na 1960, alirudi kuifundisha mwaka 1981. Tatizo lake halikuwa mbinu, lilikuwa wachezaji. Ligi iligawa maeneo ya Victoria kwa klabu, kila moja na eneo lake la kuchukulia vijana, kwa hiyo ukipangiwa eneo kame umekwisha. Ayalandi ilikuwa nje ya ramani hiyo. Isitoshe, chama cha michezo ya Kigaeli kule, yaani michezo ya jadi ya Ayalandi, ni cha ridhaa: wachezaji hawalipwi, hakuna mkataba wa kuvunja wala ada ya uhamisho. Na Barassi aliwajua, kwani mwaka 1967 alikuwemo kwenye kikosi cha Australia kilichozuru Ayalandi na kuwafunga Meath, mabingwa wa nchi, hapo hapo Croke Park, uwanja mkuu wa michezo hiyo.

Akaanza na Sean Wight, mzaliwa wa Uskoti aliyekulia Kerry, Ayalandi, kisha klabu ikatangaza ufadhili wa masomo na mpira kwa vijana. Stynes, aliyezaliwa tarehe 23 Aprili 1966 na kulelewa katika klabu ya Ballyboden St Enda's, alikuwa ametoka kutwaa ubingwa wa vijana wa Ayalandi wa mwaka 1984 akiwa na Dublin. Aliomba, akachaguliwa, na kabla ya mwaka kwisha akawa Melbourne, miaka 18, urefu unaokaribia mita mbili, na ujuzi wa mpira wa duara.

Kilichohamishika na kilichogoma

Michezo hii miwili inafanana kiasi cha kumdanganya mtu. Yote unashika mpira kwa mikono, unapiga kwa mguu, unaruka kudaka juu ya vichwa, unapasia kwa kuugonga mpira kwa mkono. Mtazamaji wa mara ya kwanza anaweza kuona ni ndugu wa baba mmoja. Tofauti ziko kwenye vitu ambavyo mchezaji havifikirii, kwa sababu mwili ulishavizoea.

Anza na mpira wenyewe. Wa Kigaeli ni wa duara. Wa Australia ni wa umbo la yai, mzingo wa sentimita 72 hadi 73 kwa urefu na kama 55 kwa upana. Ukidondosha mpira wa duara kuelekea mguuni, hata ukizunguka kidogo mkononi hakuna kinachoharibika, kwani kila upande wake ni ule ule. Ukidondosha yai, kila nyuzi chache za kuinama zinabadilisha mahali mguu unapogusa.

Mkwaju wa kawaida wa Australia unapigwa hivi. Shika mpira ukiwa umesimama wima, au umeinama kidogo tu kukufuata, vidole vimetandazwa ubavuni. Mkono wa upande wa mguu unaopiga ndio unaoushusha; mwingine unaachia mapema. Mpira uteremke kutoka usawa wa nyonga, umenyooka juu ya njia ya mguu, ukutane na mfupa wa juu wa wayo, kidole gumba kikiwa kimenyooshwa. Ukigusa ncha ya chini sawasawa, mpira unajipindua nyuma kichwa juu miguu chini, unakwenda mstari mmoja, na mwenzako anaudaka bila kubahatisha. Makosa ya mgeni ni mawili makubwa. La kwanza, kuurusha badala ya kuushusha: ukipaa hewani hata kidogo, umepata muda wa kuinama. La pili, mkono unaoshusha kukatiza kifuani, mpira ukafika mguuni umelala, ukatoka unayumbayumba kama kuku aliyekatwa kichwa. Hakuna dawa ila marudio, mita 15 kwanza, kisha 20, kisha 30, na umbali hauongezwi mpaka mpira uzunguke vizuri mara nyingi mfululizo.

Kukimbia na mpira nako kuna mtego. Mgaeli hupiga hatua nne, kisha aidha audundishe au auguse kwa ncha ya kiatu urudi mkononi. Muaustralia wa leo anatakiwa kuudundisha au kuugusisha chini kila mita 15. Mpira wa yai haurudi kwa hiari: lazima uusukume mbele yako, ncha ya mbele ikiwa imeelekea chini, utue mbele ya mwili, ndipo uruke nyuma kukufuata. Ukitua wima au ubavu, unakwenda unakotaka wenyewe, na adui yuko nyuma yako.

Halafu kugongana. Kwenye mpira wa Kigaeli unagombana bega kwa bega. Kumkumbatia mtu na kumwangusha ni faulo. Kule Australia kumkaba mwenye mpira kati ya mabega na magoti ni halali kabisa, na akikabwa baada ya kupata nafasi ya kuutoa asiutoe, yeye ndiye mkosaji. Kijana aliyezoea kushikilia mpira akitafuta mwenzake anajifunza haraka, kwa maumivu.

Hayo yote yanaonekana kwa macho, na kwa sababu yanaonekana yalifundishwa. Stynes alicheza msimu wa 1985 na timu ya vijana wa chini ya miaka 19. Mwaka 1986 akapelekwa Prahran, ligi ya daraja la pili la mji ule, ambako kila upande ulikuwa na wachezaji 16 badala ya 18. Wawili pungufu kila upande maana yake nafasi zaidi na mbio zaidi, na kwa mtu anayejifunza kusoma mchezo hiyo ni shule nzuri kuliko kukaa benchi ya ligi kuu. Huku akisomea ualimu. Mwaka 1987 akaingia kikosi cha kwanza.

Sasa linganisha na kile kilichokosekana. Kwenye mchezo wa Australia, mpira uliopigwa kwa mguu ukadakwa safi kabla haujagusa chini, kwa umbali uliowekwa na sheria (mita 15 siku hizi, 10 enzi zile), huitwa maki. Mchezo unasimama kwa mdakaji. Anarudi nyuma apige kwa utulivu, na mpinzani mmoja tu, mtu wa alama, anasimama pale ulipodakiwa mpira, mikono juu, kumkabili. Faulo nayo ni hivyo hivyo. Ile njia kati ya mpigaji na mtu wa alama ni kama sehemu takatifu: hakuna mwingine anayeruhusiwa kupita.

Mpira wa Kigaeli wa enzi za Stynes haukuwa na maki. Ilikuja kuingizwa mwaka 2017. Kijana wa Dublin akidaka mpira hewani, alikuwa akitua katikati ya miili mitatu na mchezo unaendelea. Kwa hiyo tangu utotoni mwili wake ulifunzwa kwamba mpira ukiwa kwa adui, wewe kimbia: mfuate mtu wako, ziba mwanya, chukua njia fupi. Hapakuwa na nafasi uwanjani isiyokanyagika. Bila shaka alijua sheria ya maki kwa maneno, alishacheza misimu mitatu ndani yake. Ila sheria unayoijua kwa maneno huwa ya kwanza kukuponyoka king'ora kinapolia, umechoka na watu wanapiga kelele. Alikuwa akikimbia kwenda kumziba mtu, na njia fupi ikapita pale pasipopitika.

Ndiyo maana si haki kusema Stynes alizembea. Aliyezembea alisimama, yeye alikuwa akikimbia kufanya kazi. Waliofundisha walihesabu teke, dundo na kukaba. Kutulia mahali hakukuwa kwenye orodha, maana mwenyeji hajui kama kuna kitu cha kufundisha hapo: yeye alikinyonya kwenye titi la mama. Klabu yoyote inayochukua mchezaji wa mchezo jirani inapaswa kuanza na swali hili, ni kitu gani kwetu kinamtaka asifanye lolote, na kwao kinamtaka akimbie?

Adhabu ya mita 15 yenyewe haikudumu. Msimu uliofuata, 1988, ligi iliipandisha kuwa mita 50. Ukilinganisha, Stynes alitozwa bei nafuu.

Mrefu anayekimbia

Melbourne walifika fainali mwaka 1988 wakafungwa na Hawthorn hao hao, 152 kwa 56. Hilo tulipite. Linalostahili muda ni jinsi Stynes alivyogeuza upungufu wake kuwa silaha, kwa sababu hapa ndipo mchezo wa Kigaeli ulipomlipa.

Nafasi yake iliitwa raki. Enzi zake, kila robo ilipoanza na kila baada ya goli, refa alidundisha mpira katikati ya uwanja, na warefu wawili waliruka kuugonga kwa mkono uwaangukie viungo wao. Mpira ulipotoka nje, mwamuzi wa pembeni aliurusha ndani na warefu wakaruka tena. Mrukaji anapaa kwa mguu mmoja, goti la pili limeinuliwa mbele kujikinga, mkono umenyooshwa. Enzi zile hapakuwa na kikomo cha mwendo wa kujirusha, watu wakija kutoka mbali na kukutana magoti hewani. Mishipa ya ndani ya goti ilichanika mara kwa mara mpaka ligi ilipochora duara la mita 10 mwaka 2005 kuwabana.

Mchezaji wa raki wa miaka ya 1980 alikuwa pande la mtu. Akiruka, akigonga, kazi imekwisha. Anajikokota kwenda mpira ulipo, na akichoka hupelekwa kona ya mbele kupumzika. Hakuna aliyemdai mbio, maana uzito ule na mbio haviendi pamoja. Stynes hakuwa na misuli ya kushindana nao kusukumana. Alichokuwa nacho ni mapafu, na tabia ya Kigaeli ya kutomwacha mtu wala mpira. Katika uwanja wenye urefu wa kama mita 160, mtu wa mita mbili kasoro sentimita moja akawa anaruka katikati, anafuata mpira, anatokea nyuma kudaka, anatokea tena mbele kupokea pasi. Akawa anapata mipira kwa idadi ya kiungo.

Athari yake kwa adui ni ya hesabu rahisi. Mchezaji wa raki wa upande wa pili ana njia mbili. Amfuate, na ifikapo robo ya nne ameisha, hawezi kuruka tena. Au amwache, na Melbourne wana mtu wa ziada kila mahali mpira unapokwenda. Njia ya tatu ilikuwa kumpiga, na ilijaribiwa. Kasoro zake hazikuisha: teke lake halikuwahi kuwa zuri kama la wenyeji. Ila mtu anayepata mpira mara nyingi, tena peke yake, hahitaji teke la ajabu. Pasi ya mita 20 kwa aliye huru inatosha.

Mwaka 1991 akatwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa ligi, kwa kura 25. Tuzo hii hupigiwa kura na marefa wa mechi yenyewe: baada ya kila mchezo wa msimu wa kawaida wanatoa kura 3, 2 na 1, karatasi zinafungiwa hadi usiku wa tuzo, na aliyefungiwa kwa utovu wa nidhamu hana haki ya kushinda. Hakuwa amewahi kupatikana mshindi aliyezaliwa na kukulia nje ya Australia. Klabuni akawa mchezaji bora wa mwaka mara nne: 1991, 1995, 1996 na 1997. Tazama miaka hiyo mitatu ya mwisho. Alikuwa na 29, 30 na 31, umri ambao warefu wengi walikuwa wakitembelea barafu na bandeji.

Mechi 244 bila kukosa

Rekodi anayokumbukwa nayo zaidi ni ya kucheza mechi 244 mfululizo, kuanzia 1987 hadi 1998. Ya zamani, ya Jack Titus wa Richmond, ilikuwa imekaa tangu mwaka 1943. Kwa msimu wa mechi 22 na mtoano kidogo, 244 ni miaka kumi na moja ya kutokosa wikendi hata moja, kwenye nafasi ambayo kazi yake ni kugongana angani. Aliwahi kucheza na gegedu la ubavu lililochomoka. Kilichomkatiza ni mkono uliovunjika mwaka 1998, na mwisho wa msimu huo akastaafu na jumla ya mechi 264.

Rekodi hii husifiwa bila maswali, nasi tuna moja. Mchezaji anapokuwa karibu na rekodi, uamuzi wa kumpanga haubaki wa daktari na kocha peke yao. Rekodi nayo inapiga kura. Mtu mwenye ubavu mbovu akicheza wiki tatu nusu nusu, timu imepoteza mrukaji mzima wiki tatu, na kijana wa akiba amekosa mechi tatu za kujifunza. Kwa Stynes hesabu mara nyingi ilimwendea vizuri kwa sababu nguvu yake kuu ilikuwa mbio, na ubavu ulioumia unazuia kugongana kuliko unavyozuia kukimbia. Kwa mwingine mwenye mtindo wa kusukumana, kumuiga ni kujiua.

Taasisi ya vijana

Mwaka 1994, akiwa bado mchezaji, alianzisha taasisi iitwayo Reach pamoja na mwongozaji wa filamu Paul Currie. Inaendesha warsha za vijana, na ufundi wake uko kwenye nani anaziendesha: vijana wenyewe, waliopita humo wakafunzwa kuongoza wadogo zao. Mtoto wa miaka 15 humwambia wa miaka 20 mambo ambayo hamwambii mwalimu. Stynes alitumia jina lake kufungua milango ya shule na mifuko ya wafadhili, kisha akawaachia wengine sakafu. Tumewaona mastaa wengi wakianzisha taasisi zinazokufa jina lao likififia magazetini. Hii haikufa.

Deni

Juni 2008 alichaguliwa mwenyekiti wa klabu yake ya zamani. Melbourne ilikuwa na deni la dola milioni 5 za Australia, timu iko mkiani, na maneno ya kuihamisha au kuiunganisha na nyingine yalikuwa yameanza tena. Hayakuwa mageni: mwaka 1996 wanachama walipigia kura kuungana na Hawthorn, wa Melbourne wakakubali, wa Hawthorn wakakataa, na kukataa kwao ndiko kulikoiokoa klabu isifutike.

Klabu ya ligi ile hula kwa viingilio, ada za wanachama, wadhamini, na mgao wa ligi. Klabu dhaifu inabanwa pande zote kwa pamoja: timu ikifungwa, wanachama wanapungua, wakipungua, ligi haikupi mechi za saa nzuri za televisheni, bila saa hizo mdhamini anakulipa kidogo, na bila fedha huwezi kuajiri makocha na matabibu wa kukutoa mkiani. Deni linaongeza riba juu ya hayo. Stynes aliamua kulitenga deni na matatizo mengine. Akaanzisha kampeni ya peke yake, ya kubomoa deni, akaandaa karamu ya kwanza Agosti 2008, akawaendea wenye uwezo mmoja mmoja kwa fungu la pekee ambalo kazi yake ni kulipa benki na si kingine. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana. Mfadhili anaogopa kumwaga maji kwenye pakacha. Ukimwonyesha namba moja inayoshuka, na tarehe, anatoa.

Agosti 2010 klabu ilitangaza kwamba deni limekwisha.

Upande wa uwanjani mambo yalikwenda kombo, na anayesimulia kisa hiki bila sehemu hii anamfanya Stynes malaika. Utaratibu wa wakati ule ulisema timu isiyozidi ushindi wa mechi nne kwa misimu miwili mfululizo hupewa nafasi ya ziada ya kuchagua kijana kabla ya wote. Melbourne walishinda mechi tatu mwaka 2008 na nne mwaka 2009. Wakapata chaguo la kwanza na la pili, Tom Scully na Jack Trengove. Yakazuka maswali kama walifungwa kwa kupenda. Uchunguzi wa ligi ulikwisha Februari 2013: klabu haikukutwa na hatia ya kupanga kufungwa, lakini ilitozwa faini ya dola 500,000, na kocha wa wakati ule Dean Bailey pamoja na kiongozi wa benchi la ufundi Chris Connolly wakafungiwa kwa mwenendo wao. Scully alikuwa ameshahamia klabu mpya ya Sydney Magharibi mwishoni mwa 2011. Trengove aliandamwa na majeraha ya mguu.

Tarehe 30 Julai 2011 Geelong waliichapa Melbourne 233 kwa 47. Tofauti ya pointi 186, ya pili kwa ukubwa katika historia ya ligi. Ya kwanza ni 190, ya mwaka 1979, na aliyefungwa siku hiyo pia ni Melbourne. Bailey alifukuzwa kesho yake.

Deni lilikuwa na namba moja na mtu mmoja wa kulisimamia. Benchi la ufundi lilikuwa na wakubwa kadhaa wasioelewana, na mwenyekiti alikuwa mgonjwa.

Ugonjwa wake ulitangazwa Julai 2009: melanoma, saratani inayoanzia kwenye chembe za rangi ya ngozi, iliyokuwa imeshasambaa. Australia ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa saratani hii, na ngozi nyeupe ya Ayalandi chini ya jua lile haina kinga. Ilifika kwenye ubongo. Alipasuliwa kichwa mara kadhaa, akapigwa mionzi, na kati ya upasuaji na upasuaji akarudi vikaoni. Dawa mbili zilizobadilisha tiba ya melanoma, moja ya kuamsha kinga ya mwili na nyingine ya kuziba jeni lililoharibika, ziliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Alijiuzulu uenyekiti Februari 2012 na kufariki tarehe 20 Machi, umri miaka 45. Serikali ya jimbo la Victoria ilimzika kwa heshima za kiserikali, ibada ikafanyika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo, katikati ya Melbourne, wiki moja baadaye.

Ule mradi wa Waayalandi haukuishia kwake. Tadhg Kennelly wa Kerry alishinda ubingwa na Sydney mwaka 2005, na kila msimu klabu zinaendelea kutuma watu kule. Wengi wanarudi nyumbani baada ya muda mfupi.

Mwaka 2021 ligi ilikaza sheria ya mtu wa alama. Sasa refa anapotamka "simama", mchezaji anayemkabili mpigaji hasogei hata hatua moja kando. Akisogea, mita 50. Wiki za mwanzo wenyeji wenyewe, waliozaliwa na sheria ile, walikuwa wakiadhibiwa kwa hatua moja ya mazoea. Msimu huo, Septemba 25, katika uwanja wa Perth, Melbourne waliifunga Western Bulldogs 140 kwa 66 na kutwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1964.